Prosesa ya zamani, kasi mpya

SWALI: Fundi, kompyuta yangu ya mezani ina prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Core i5-2500K ya mwaka 2011. Nikiipandisha kasi hadi gigahezi 4.5 inajizima. Nifanyeje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu yangu, umekwenda kwa pupa. Anza na vumbi: safisha feni, paka upya grisi ya prosesa. Kwa joto la Tanga, hilo ni lazima. Kisha rudi kwenye kasi ya kiwandani, gigahezi 3.3. Mapigo ya msingi, megahezi 100, usiyaguse kabisa, maana yanaendesha hadi diski. Pandisha kizidishio tu, yaani namba inayozidishwa na mapigo hayo kupata kasi ya prosesa, kutoka 33, hatua moja moja. Kila hatua endesha Prime95, programu ya kuijaribu prosesa kwa kazi nzito, saa kadhaa, joto lisivuke nyuzi 80. Yangu ilitulia kwenye 42, volti 1.25, nami nikaiacha hapo.