Kwa nini theluji ina pembe 6

Ndugu yangu umeuliza kama chembe ya theluji ni tone la mvua lililoganda, hapana, tone likiganda unapata kipande cha barafu tu hakina urembo wowote. Theluji inaanzia juu mawinguni, kitone kidogo mno cha maji kinaganda kwenye punje ya vumbi, halafu mvuke ulioko pembeni unakuja kunata hapo na kugeuka barafu moja kwa moja bila kuwa maji kwanza. Sasa molekuli za maji zikishikana kwenye barafu zinajipanga pembe 6, ndo maana ya 5 au 8 huioni, na zile ncha kwa vile zimechomoza zinawahi mvuke mwingi zaidi zinakua haraka kuliko katikati, hapo ndo matawi yanapotoka.

Umbo lenyewe linategemea baridi na unyevu. Karibu nyuzi -2 ni visahani, -5 zinakuwa kama sindano, ikifika kama -15 na unyevu ukiwa mwingi ndo zile nyota zenye matawi zinazopendwa kwenye picha. Aliyeyachambua haya vizuri ni Mjapani Ukichiro Nakaya, mwaka 1936 kule kisiwa cha Hokkaido alitengeneza chembe ya theluji maabara kwa kuikuzia kwenye unywele wa sungura, mi nasema ule ni uvumilivu wa ajabu jamani!

Na chembe za theluji hazifanani kwa sababu kila moja inashuka kwa njia yake, inapita baridi yake na unyevu wake.