Usipeleke saruji kwenye kaburi la kale kwa ajili ya marehemu shangazi yako

Ondoa ile mifuko ya saruji katika mipango yako kabla hujaendelea na jambo jingine lolote. Umeeleza kwamba marehemu shangazi yako alipenda kusafiri kuliko mtu yeyote katika ukoo wenu, kwamba ndiye aliyewapeleka Kaole, penye magofu ya kale karibu na Bagamoyo, mlipokuwa watoto, na kwamba familia nzima inajiandaa kwenda kuyazuru magofu hayo kwa kumkumbuka, kisha mrudi kijijini kwenu kulikarabati kaburi la nguzo, yaani kaburi la kale lililojengewa nguzo ya mawe, lililo karibu na ufuko, mlipige lipu mpya na kubandika kigae chenye jina lake. Umeuliza nauli, malazi, majira yanayofaa na idadi ya mifuko itakayotosha. Nakujibu hilo la mwisho: hautakiwi hata mmoja.

Nasema kwa uchungu kwa sababu sisi, huku Tanga, tulilifanya jambo hilohilo kwa ajili ya mjomba wangu, Mungu amrehemu. Mjomba alikuwa baharia wa majahazi, na katika kila mji alioshuka, kabla hajatafuta chakula, aliuliza ulipo msikiti wa kale kuliko yote. Kwake ndiko nilikosikia habari za Gedi, mji wa kale katika pwani ya Kenya, na kaburi lake lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, na habari za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Sisi watoto alitupeleka Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga kwa njia ya Pangani, penye gofu la msikiti na makaburi zaidi ya 40. Alitusimamisha mbele ya nguzo na kutuonyesha vishubaka vya mviringo ambamo zamani yalitiwa mabakuli ya kauri kutoka ng'ambo, akatusimulia jinsi jahazi la Vasco da Gama, São Rafael, lilivyokwama katika mwambao huo mwaka 1498, na jinsi Wareno walivyoliteketeza kwa moto mwaka uliofuata walipokuwa wakirudi kwao. Sijapata mwalimu mwingine aliyenifanya niyaone mawe kuwa ni kazi ya mikono ya watu.

Alipofariki, tulitaka kumfanyia jambo la kudumu. Karibu na kijiji alichozaliwa lipo kaburi la kale la mawe ya matumbawe, lisilo na kibao wala mlinzi, ambalo yeye alilipenda sana. Tukachanga fedha. Mtu mmoja aliyejitambulisha kwetu kuwa mjuzi wa ukarabati wa majengo ya kale akalitazama, akagonga ukuta kwa vidole, akatuambia kwamba chokaa ilikuwa ya watu waliokosa kitu bora, na kwamba saruji italifanya kaburi lidumu milele. Alilisema hilo mbele ya wazee, kwa sauti ya mtu asiye na shaka, akapokea malipo yake yote na kuondoka. Mpaka leo namlaumu, kwa sababu fundi wa kawaida angeweza kusamehewa kwa kutojua, lakini yeye alilipwa ili ajue.

Lipu ilipendeza kwa muda mfupi. Baada ya masika ikaanza kuvimba na kutoa chumvi nyeupe, kisha ikabanduka vipande vikubwa. Laiti ingebanduka peke yake! Iliondoka na chokaa ya asili iliyokuwa chini yake, ikiwa pamoja na ukingo uliochongwa na kishubaka cha bakuli kilichokuwa kimesalimika kwa karne nyingi. Nyuma yake matumbawe yalikuwa yamegeuka unga, ukiyagusa yanamwagika. Fedha tulizochanga zilikuwa nyingi kwa familia kama yetu, lakini fedha hutafutwa zikapatikana. Ule ukingo hakuna fundi duniani atakayeurudisha.

Sababu yake inaeleweka, na ningetamani kila ukoo wa pwani uijue. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji kutoka ardhini, na karibu na bahari maji hayo yana chumvi. Chokaa ni laini na ina vinyweleo, kwa hiyo unyevu hupanda, hutoka kwa njia ya lipu na kukauka kwa upepo. Chumvi ikiharibu kitu, huiharibu lipu, ambayo hupakwa upya. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na huuzuia unyevu usitoke. Maji yakikosa njia hukaukia ndani ya jiwe, chumvi hugeuka chembe ngumu zinazotanuka, na jiwe hupasuka kutoka ndani huku uso wa ukuta ukionekana mzima. Chokaa ya waliotutangulia ilitokana na matumbawe yaleyale yaliyochomwa kwa kuni, ndiyo maana jiwe na lipu vilikaa pamoja bila kugombana. Hii saruji ya viwandani ilipewa hataza Uingereza mwaka 1824, wakati ambapo kuta za Tongoni na Kaole zilikuwa zimekwisha kusimama kwa karne kadhaa bila kuihitaji. Kilwa Kisiwani nako, ambako magofu yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004 na kuondolewa mwaka 2014, mafundi wa ukarabati walitumia chokaa.

Usinijibu kwamba kaburi lenu halina kibao cha serikali. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda majengo na makaburi yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, kwa hiyo peleka taarifa kwa watu wa mambo ya kale waliopo hapo Bagamoyo, uombe waje walitazame kabla hamjagusa chochote. Ikiwa mnataka kutumia mikono yenu wakati mkisubiri, fagieni majani yaliyolizunguka. Mti ulioota ukutani msiung'oe, kwa sababu mizizi hutoka na mawe. Ukateni shina na kuacha mizizi mahali ilipo. Wakikubali ukarabati, tafuteni fundi anayejua kuilowesha chokaa na kuiacha ilale hadi iive, na mkubali kwamba kazi yake itachukua muda mrefu kuliko ya saruji.

Jina la shangazi liandikeni kwenye kaburi lake mwenyewe. Someni hitima nyumbani, kisha nendeni Kaole asubuhi kabla ya jua kali, na kila aliyesafiri naye asimulie safari moja palepale penye makaburi ya nguzo, watoto wakisikia. Mtu aliyependa kuona mambo ya kale yakiwa kama yalivyo hatatukuzwa kwa kuyafunika.

Umeandika kwamba fundi anaanza Jumamosi. Mpigie simu leo, umwambie asilete kitu, na kama mmekwisha kumpa malipo ya awali, mwachieni ayachukue.