Kuhesabu Vilele vya Menengai

Mwalimu, jiometria na topolojia si kitu kimoja? (Mzazi, Njoro)

Ni ndugu, ila tabia ni mbali. Chukua tyubu ya bodaboda. Jiometria inauliza upana wake na jinsi ilivyopinda. Topolojia haijali hayo: iwe imejaa upepo au imelala chini ya benchi la fundi, tundu lake la katikati lipo palepale mpaka uikate.

Wiki jana uliandika kwamba kilima na shimo la volkano la Menengai vina hesabu moja. Ulikuwa unatania? (Kidato cha Nne, Nakuru)

Sikutania, nilikimbia tu. Panda Menengai uzunguke ukingo wake. Kutoka kilele kimoja hadi kingine lazima upite mbonyeo, na mwisho unarudi ulikoanzia. Kwa hiyo vilele ni vingi sawa na mibonyeo, hata ukipoteza hesabu njiani (mimi nilipoteza, jua lilikuwa kali). Mbonyeo huo ni kama tandiko la punda: ukifuata ukingo ndipo chini, ukivuka kutoka nje kuingia ndani ndipo juu. Sasa hesabu vilele, toa matandiko, ongeza sakafu ya shimo. Unabaki na 1. Kilima chenye kilele kimoja? 1 vilevile. James Clerk Maxwell aliandika juu ya hesabu ya namna hii mwaka 1870. Uso wa dunia nzima hutoa 2. Uso wa tyubu, 0. Namba hiyo ni ya topolojia: haibadiliki ukivuta uso bila kuukata.

Fizikia inaingilia wapi hapo? (Mwalimu mwenzako, Kisumu)

Hapa ndipo penye utamu. Mwaka 1982 Edward Witten wa Marekani aliiweka, kwa hesabu, chembe ya kwanta (inayofuata sheria za ulimwengu mdogo wa atomi) juu ya uso wa aina hiyo, ikifuata kanuni za supasimetria, nadharia inayooanisha aina mbili za chembe: bosoni na fermioni. Kanuni hizo zinadai kila hali yenye nishati iliyozidi sifuri iwe na pacha: mmoja bosoni, mwingine fermioni. Hali za nishati sifuri peke yake ndizo zinazoweza kukosa pacha. Sasa vuta uso, ukunje: hali zinaingia na kutoka sifuri mbilimbili, kwa hiyo idadi ya bosoni za sifuri, ukitoa ya fermioni za sifuri, haibadiliki.

Chembe ya Witten hutulia pasipo na mteremko. Sakafuni na kileleni inahesabiwa bosoni, kwenye tandiko fermioni; ndiyo maana tandiko tulilitoa. Na kilele cha ziada kikizuka pamoja na tandiko lake? Chembe hupenya kati yao kwa kufuata mteremko, nishati ya hali zote mbili inainuka kidogo juu ya sifuri, zinafutana katika hesabu.

Chembe pacha ambazo supasimetria inazitabiri zimeshaonekana? (Msomaji, Kakamega)

Hapana. Mtambo wa CERN, maabara ya chembe ya Ulaya, ulipata chembe ya Higgs mwaka 2012, lakini za supasimetria bado. Hesabu ya Witten haikuyumba kwa hilo. Mwaka 1990 alikuwa mwanafizikia wa kwanza kupewa Medali ya Fields, tuzo ya wanahisabati.

Niende Menengai saa ngapi? (Yuleyule wa Kidato cha Nne)

Saa moja asubuhi. Beba maji na kalamu.