Uliza Fundi: API ipi ya kuendeshea seva yenye wateja wengi?

Swali: Shikamoo kaka fundi. Niko Masasi, nahudumia tovuti za wateja: shule binafsi, nyumba za wageni, maduka ya vifaa vya ujenzi, na vyama vya msingi vya korosho viwili vitatu. Zamani nilikuwa nauza nafasi kwenye seva ya watu. Sasa nimekodi VPS yangu (seva ya mtandaoni) yenye cPanel na WHM, paneli za kuendeshea tovuti na seva kwa kubofya, iko Ujerumani. Kutwa nzima nabofya tu: fungua akaunti, tengeneza barua pepe, sitisha asiyelipa. Nataka skripti ifanye hayo kupitia API, yaani mlango wa programu kuiagiza seva. PHP naijua. Lakini nikisoma maelekezo nakutana na WHM API 1, UAPI, cPanel API 2 na amri za terminali. Nishike ipi?
*Msomaji, Masasi*

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. API 2 achana nayo. Wenyewe cPanel walishatangaza kwamba ni ya kizamani, na mifano mingi unayoikuta mitandaoni ni ya enzi hizo. Hizo API mbili zilizobaki hazishindani, zimegawana kazi. WHM API 1 ni ya mwenye seva: kufungua akaunti, kuisitisha, kubadilisha kifurushi. UAPI ni ya mambo ya ndani ya akaunti moja: barua pepe, hifadhidata, vikoa vidogo. Utazihitaji zote mbili.

La kuchagua ni mahali pa kuziitia. Unaweza kukaa Masasi na laptop yako ukaiita seva kwa HTTPS kupitia poti 2087. Au skripti ikae kwenye seva yenyewe na itumie amri za `whmapi1` na `uapi`, ambazo zinafanya kazi zilezile. Ukiwa na root, yaani mamlaka yote ya seva, na wewe unayo, mimi nakwambia iweke kwenye seva.

Sababu ni mtandao wetu. Sisemi siku kubwa kama ile ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika nchi nzima ikachechemea. Nasema kukatika kudogo kwa kila siku. Tazama inavyokuwa: skripti yako inaita `createacct`, amri ya kufungua akaunti. Seva inapokea na kuanza kazi. Kabla jibu halijarudi, bando linayumba. PHP inakwambia muda umeisha, wewe unaamini imeshindikana, unarudia. Safari hii skripti inazalisha neno la siri jipya, seva inakataa kwa kuwa jina limeshatumika, na kama hukuandika ukaguzi, mteja anatumiwa lile neno la siri la pili ambalo seva hailijui kabisa. Mwalimu mkuu anakupigia simu saa mbili usiku, haingii. Hapo huoni kosa popote, maana akaunti ipo na tovuti inafunguka.

Kwa hiyo kabla ya kurudia chochote, uliza kwanza kwa `accountsummary` kama akaunti ipo. Fanya hivyo hata ukiwa ndani ya seva. Na ukiiwasha skripti kwa SSH (kuingia kwenye seva ukiwa mbali), iwashe ndani ya `screen`, inayoiacha iendelee hata ukitoka, au iachie cron, kipanga kazi cha seva, la sivyo mtandao ukikatika nayo inaweza kukatika katikati ya kazi.

Kuna mtego mwingine. WHM API 1 inaweza kukurudishia HTTP 200, ishara ya kufanikiwa, ukadhani mambo safi, kumbe kazi imekataliwa. Ukweli uko ndani ya jibu la JSON (data iliyopangwa kwa maandishi): kwenye `metadata` soma `result`. Ikiwa 1 imefanyika, ikiwa 0 soma `reason` pembeni yake. Kwa UAPI unatazama `status` na `errors`. Omba jibu kwa `--output=json`, lipitishe kwenye `json_decode`, na kila neno linalotoka kwa mteja lipite `escapeshellarg` kwanza. PHP yako inatosha, usihangaike kujifunza lugha mpya kwa kazi hii.

Siku ukitaka mteja ajifungulie akaunti mwenyewe kutoka kwenye tovuti yako iliyo kwingine, hapo ndipo utumie HTTPS. Tengeneza tokeni, ufunguo unaotumika badala ya neno la siri, ndani ya WHM, ipe ruhusa za kazi hiyo tu. Neno la siri la root usiliandike kwenye faili la PHP, hata kwa majaribio.

Kuhusu kusitisha wasiolipa, mimi nisingeiachia skripti iamue. Unaijua Masasi. Chama cha msingi kinaweza kukaa kimya mpaka minada ianze mwezi wa kumi na fedha za stakabadhi ghalani ziingie, halafu kinalipa deni lote kwa mkupuo. Ukikifungia Agosti, umempoteza mteja. Skripti ikuletee orodha ya wanaodaiwa kila asubuhi. Amri ya kusitisha, `suspendacct`, uiruhusu wewe, jina kwa jina.

Swali: Mimi sina paneli, nina VPS yenye Nginx tu, programu ya kuhudumia tovuti. API yake iko wapi?
*Msomaji, Nachingwea*

Jibu: Nginx ya bure haina API ya kubadilishia mipangilio, hiyo, tena kwa baadhi ya mipangilio tu, iko kwenye NGINX Plus ya kulipia. Wewe andika mafaili ya mipangilio kwa Ansible, zana ya kusimamia seva inayoingia kwa SSH na kuhitaji Python tu upande wa seva. Hakikisha `nginx -t`, inayokagua mipangilio, inapita ndipo uagize reload (isome mipangilio upya), si restart, ili waliomo kwenye tovuti wasikatwe. Kama unaitaka API kwa lazima, jaribu Caddy, programu nyingine ya kuhudumia tovuti: inasikiliza poti 2019 ndani ya seva yenyewe, inapokea JSON, na vyeti vya HTTPS inavihuisha bila kukumbushwa. Poti hiyo usiifungulie intaneti.