Uliza Anti: Eti mke wa Kichina alikuwa anaachwa kwa domo?

SWALI: Shikamoo anti. Mi nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba, juzi tunasubiri mzigo jamaa mmoja akasema Wachina wa kale walikuwa hawasomeshi wanawake na mke akiongea sana anarudishwa kwao. Wanaume wakashangilia utadhani goli limeingia uwanjani. Kweli hiyo au anatutisha?
Mama Dagaa, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwenye kuongea hajadanganya. Sababu za kumwacha mke zilikuwa saba: kutowatii wakwe, kutozaa mtoto wa kiume, uzinzi, wivu, ugonjwa mbaya, domo na wizi. Wivu jamani, na huku mume karuhusiwa masuria humo humo ndani!

Ila mwambie amalizie stori. Mke haachwi kama hana kwao pa kurudi, au ameshakaa matanga ya wakwe miaka 3, au alimkuta mume hana kitu ndo wakatajirika pamoja. Hii ya mwisho naipenda, yani ulimkuta kibarua wa kuvuta nyavu leo ana boti na injini zake, basi hakutoi ng'o. Labda uwe umezini au una ugonjwa mbaya, hapo sheria ya enzi ya Tang, ukoo mmoja wa wafalme wa China, ilikuwa haikukingi.

Kusoma sasa. Binti wa kawaida alifundishwa kufuma na kuhudumia wakwe basi, ila kwenye nyumba za wasomi wengine walisoma hasa. Ban Zhao kwa mfano, kaka yake Ban Gu alifia gerezani mwaka 92 baada ya Kristo kaacha historia ya ukoo wa kifalme wa Han haijaisha, na mfalme akamwita huyu dada mtu, mjane, aje aimalizie. Akamfundisha mpaka malkia Deng. Kitabu chake cha kuwausia mabinti kimejaa unyenyekevu hadi unakereka, halafu katikati anauliza, watoto wa kiume mnaanza kuwasomesha na miaka 8, wa kike je? Mke asiyefundishwa atajuaje wajibu wake? Mjanja yule, kawakamata kwa maneno yao wenyewe.

Posa ilipita kwa mshenga, na zawadi yenyewe bata bukini. Jaribu kumpelekea baba mkwe wa Kisukuma bata badala ya ng'ombe, hata kigoda hupewi.