Usiniambie niweke kadi gani, niambie umeona nini

Ukimkabidhi mtu wa Mbeya deki yako, yaani fungu la kadi unazochezea, ukamuuliza anaionaje, atazipekua kadi taratibu, ataguna kidogo mahali fulani, kisha atakwambia, "Iko vizuri, kaka. Pambana tu." Jibu lina adabu zote na halina msaada wowote. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini hatukulelewa kumvunja mtu moyo machoni pake, na siombi hilo libadilike. Ila ukitaka deki ikomae, inabidi ujue kuuliza kwa namna ambayo mtu anaweza kusema kweli bila kujiona mkorofi.

Nazungumzia Magic: The Gathering, mchezo wa kadi alioubuni Richard Garfield ukaingia sokoni 1993. Kwa asiyeujua: kila mchezaji anakuja na deki aliyoipanga mwenyewe, kadi zisizopungua 60, na kadi ya jina moja haizidi nakala nne, ukiacha ardhi za msingi. Unaanza na uhai 20 na kadi saba mkononi. Kadi za ardhi ndizo zinazokupa mana, na mana ndiyo unayolipia viumbe na uchawi. Mana na kadi zina rangi, na deki tunaiita kwa rangi zake. Sisi tunaokutana jioni maeneo ya Soweto, hapa Mbeya, tunacheza zaidi Pauper, mtindo wa kadi za daraja la kawaida tu, ambao Wizards of the Coast, kampuni yenye mchezo huu, waliurasimisha 2019. Kadi zake nyingi ni za bei ndogo, na kwa mtu anayesubiri shemeji arudi kutoka safari ndipo apate kadi nne, hilo si jambo dogo. Kama wewe ni wa Pokémon au Yu-Gi-Oh!, hesabu zitabadilika kidogo lakini mengi ya humu yatakufaa.

Msimamo wangu ni mmoja. Mtu uliyecheza naye ni shahidi mzuri sana na mshauri wa kutiliwa shaka. Alichokiona mezani ni mali. Dawa anayokuandikia ni yake, na mara nyingi inatibu deki yake, si yako.

Chukua deki yangu ya nyekundu na kijani. Ilikuwa na ardhi 20, Llanowar Elves wanne wa kuongeza mana, Lightning Bolt nne za kuchoma pointi tatu kwa mana moja, na viumbe wakubwa wanane wa mana sita na saba. Watu watatu walicheza dhidi yake kwa nyakati tofauti na wote wakaona kitu kilekile: nakaa zamu mbili tatu nikivuta kadi bila kufanya kitu. Mpaka hapo wote wako sahihi. Wakaanza kutibu. Yule wa bluu, mtu wa kuzima kila kitu kwa Counterspell na kusubiri, akasema niongeze ardhi zifike 24 na niweke kadi za kuvuta kadi. Yule wa nyekundu tupu akasema nitupe wakubwa wote, nijaze vidogo vya kukimbia. Wa tatu akataka niongeze nyeusi, kwa sababu, kama ulivyokisia, yeye anacheza nyeusi. Kila mwamba ngoma huivutia kwake, na kwenye kadi ngozi huvutwa hasa.

Nikaenda kwenye hesabu. Ukiwa na ardhi 20 katika kadi 60, uwezekano wa kuanza na mkono wenye ardhi moja au usio nayo kabisa ni karibu asilimia 25, yaani mchezo mmoja katika minne umeanza kwa shida kabla hujagusa kitu. Ukiwa na 24, unashuka hadi kama asilimia 14. Ukiwa na 22, ni kama 19. Kwa hiyo mtu wa bluu alikuwa na hoja. Lakini na mtu wa nyekundu alikuwa na hoja, maana mkono wa ardhi mbili na kadi za bei ndogo unachezeka, na mkono huohuo ukiwa na majitu matatu ya mana saba haufai kitu. Ugonjwa mmoja, dawa mbili, na zote zinafanya kazi. Nikachagua kuwa na ardhi 22 na wakubwa watatu tu, nikajaza nafasi kwa viumbe wa mana mbili. Haikuwa dawa ya mtu yeyote kati ya wale watatu, lakini bila macho yao nisingeipata.

Sasa maswali yenyewe. "Unaionaje?" lifute kabisa. Mimi nauliza vitu ambavyo mtu anaweza kujibu bila kunihukumu. Ni zamu gani ulijua umeshinda? Ungepewa ruhusa kunipokonya kadi moja kwenye deki, ungechukua ipi? Kuna kadi niliitoa ukashukuru moyoni? Hilo la mwisho nalipenda kuliko yote, kwa sababu watu hucheka kabla ya kujibu, na kicheko chenyewe ni jibu. Ukiweka kadi mezani na mpinzani akapumua, kadi hiyo ina kesi ya kujibu.

Na uulize palepale, kadi zikiwa bado mezani. Ukisubiri mpaka mmeagiza chipsi mayai, mtu anakumbuka zamu ya mwisho tu, ile ya kishindo, wakati mchezo uliharibika zamu ya tatu.

Kuna dada mmoja anasoma pale MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha hapa Mbeya, hazungumzi sana mezani, na ndiye shahidi bora niliyewahi kumpata. Jioni moja, tulipomaliza, aliniuliza, "Kaka, ile kadi ya kushoto kabisa ni nini?" Sikumwelewa. Akasema kila nikivuta kadi mpya naipanga, na ile ya kushoto huwa naishika kwa kidole gumba, naisogeza mbele kama nataka kuitoa, halafu nairudisha. Zamu baada ya zamu. Ilikuwa Giant Growth, kadi ya mana moja inayomwongezea kiumbe nguvu tatu na uimara tatu mpaka mwisho wa zamu. Kadi nzuri, rahisi, ila daima nilikuwa naogopa kuitumia mbele ya mtu mwenye mana ambayo hajaitumia, asije akamuua kiumbe wangu nikapoteza kadi mbili kwa moja. Hakuniambia niitoe. Aliniambia mkono wangu unafanya nini, basi. Nilitoa nakala mbili usiku uleule.

Ndiyo maana nasema tafuta watu wa kutazama, si wa kucheza tu. Anayecheza dhidi yako ana yake kichwani. Aliyekaa pembeni na kikombe cha chai anaona mikono yote miwili. Kwenye baridi ya Juni na Julai, mtu akishapata kiti karibu na jiko haondoki, kwa hiyo watazamaji hawakosekani.

Mbinu nyingine, hasa kwa wadogo zetu. Kijana wa kidato cha nne hawezi kumwambia kaka yake kwamba deki ni mbovu, hata umbembeleze. Basi mpe aicheze. Mkabidhi deki yako, wewe chukua yake, mkae chini. Ndani ya zamu tano utamsikia akilalamika mwenyewe: "Sasa hii nafanyia nini? Mbona sipati kijani?" Hapo haongei tena na wewe, anaongea na kadi, na heshima haijavunjika. Na wewe upande wa pili unapata kuhisi deki yako inavyotisha au isivyotisha. Niligundua kwa njia hiyo kwamba watu hawakuwa wakiogopa majitu yangu hata kidogo. Walichoogopa ni Elves zamu ya kwanza, na ndiyo walikuwa wakiwachoma mapema.

Tatizo kubwa la mji kama wetu ni udogo wa meza. Mkiwa wachache mnajuana mno. Nikibadilisha kadi tatu leo, wiki ijayo kila mtu amebadilisha tatu zake kunijibu, na maoni yote yanakuwa kuhusu vita yetu ya ndani. Jamaa mmoja wa Iringa alipita hapa kwa shughuli zake, akatoa deki ya viumbe vidogo vya rangi nyeupe ambayo hakuna aliyeijali, akatupiga wote kwa zamu. Tulikuwa tumejipanga vizuri sana dhidi yetu wenyewe. Akija mgeni, kutoka Iringa, Njombe, Dar, popote, muombe mechi kabla hujamuomba habari za huko.

Udogo huohuo wa meza una upande wake wa pili. Orodha za deki zilizoshinda huko Marekani au Japani zimejibu meza za huko. Zile kadi 15 za akiba unazoruhusiwa kubadilisha baada ya mchezo wa kwanza, utakuta deki nyekundu nyingi zimebeba Pyroblast, kadi ya mana moja inayozima uchawi wa bluu au kuharibu kitu cha bluu kilichopo mezani. Ni kadi kali. Ila kama kwenye meza yako bluu anaicheza mtu mmoja, na mtu huyo haji siku za mvua, nakala nne za Pyroblast ni nafasi nne umezitupa. Hesabu kwanza nani anakuja na rangi gani, ndipo upange akiba.

Kabla hujanunua kadi aliyokushauri mtu, ijaribu kwa karatasi. Kadi ina milimita 63 kwa 88, kwa hiyo karatasi moja ya A4 inaingiza tisa. Chapisha nyeusi na nyeupe kwenye steshenari yoyote, kata kwa mkasi, ingiza kwenye kimfuko cha plastiki cha kuvalisha kadi, mbele ya kadi ya ardhi ya kawaida, ili uzito uwe sawa na isionekane tofauti kwa nyuma. Kwenye mashindano rasmi hazikubaliki, na usije ukamuuzia mtu. Kwa mazoezi ya marafiki hazina neno, na zinakuokoa kungoja mzigo wiki kadhaa halafu kadi yenyewe usiipende. Hata kuandika jina kwa kalamu juu ya kipande cha karatasi kunatosha, ilimradi kila mtu anasoma mwandiko wako.

Halafu changanya kadi vizuri, jamani. Dave Bayer na Persi Diaconis walionyesha kwenye kazi yao ya 1992 kwamba karata 52 zinahitaji kuchanganywa kama mara saba kwa ule mtindo wa kugawa mafungu mawili na kuyapachika. Sisi wengi tunachota kadi kifungu kifungu kwa juu, mtindo wa karata za kijiweni, ambao unahitaji mara nyingi zaidi kuliko hizo. Mchezo uliopita ardhi zote zilikuwa mezani kwa rundo moja. Ukizirudisha ukachanganya mara tatu kivivu, rundo linabaki rundo, na mtu anakuja kukushauri upunguze ardhi kwa sababu ya uvivu wa mikono yako.

Daftari nalo, kwa ufupi: nani alianza, mkono wa kwanza ulikuwa na ardhi ngapi, kadi gani ilibaki mkononi mchezo ulipoisha. Hayo matatu yanatosha. Safu ya mwisho ndiyo yenye utajiri. Jina likijirudia pale, shahidi hahitajiki. Na badilisha kadi chache kwa mara moja, mbili au tatu, maana ukibadilisha kumi deki ikapona hutajua ni ipi iliyoiponya.

Kuna ushauri nimeukataa na nitaendelea kuukataa. Nina jitu moja la zamani, la gharama kubwa, ambalo kila mtu ananiambia nilitoe. Hesabu iko upande wao. Lakini nacheza ili nifurahi, na siku likitua mezani meza nzima inasimama. Mtu akikushauri, mwulize kwanza kama anadhani unatafuta ushindi au raha. Wengi hawajawahi kujiuliza, wanadhani jibu ni moja.

Kuhusu lini uache kuuliza, mimi naacha pale mabishano yanapofika kwenye nakala moja moja. Kadi ukiwa nayo nakala nne katika 60, uwezekano wa kuiona kwenye mkono wa kwanza ni kama asilimia 40. Nakala tatu ni kama 31 na nusu, mbili ni 22, moja ni chini kidogo ya 12. Tofauti ya tatu na nne ipo, lakini huwezi kuiona kwa macho katika michezo ya jioni moja pale Soweto, hata mcheze mpaka umeme ukatike. Mtu akikuapia kwamba ameiona, amekumbuka mchezo mmoja uliomuuma. Msikilize, mlipie chai, na uiache deki ilivyo mpaka daftari liseme vinginevyo.