Mkutano London, jioni niende wapi?

Swali: Shangazi, mwezi wa sita kazi inanituma London, mkutano ni Alhamisi na Ijumaa, Jumamosi asubuhi narudi Kisumu. Nitaona kitu kweli ama ni hoteli tu?

Jibu: Utaona dada, tena vizuri! Mwezi wa sita huko jua linazama baada ya saa tatu usiku, kwa hivyo Alhamisi mkimaliza vaa raba, anzia pale Big Ben, vuka daraja ufuate mto Thames polepole kwa miguu hadi Tower Bridge, ile ya 1894, hakuna wa kukuitisha pesa. Ijumaa British Museum hufunga saa mbili unusu usiku na kiingilio ni bure, nenda moja kwa moja kwa jiwe la Rosetta, lile la kale la Misri lenye maandishi. Lakini suitcase ya magurudumu acha hotelini, hawairuhusu ndani.